Munguti Alivyompangia Mungu Tarehe

Kama kulikuwa na mtu ambaye washirika wa lile kanisa la mabati nje ya Kitengela wasingemshuku kwa lolote, mtu huyo alikuwa Munguti. Si kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mbishi, alikuwa na hasira za karibu, na akiletewa chai isiyo na sukari ya kutosha alinuna mpaka jioni. Lakini uongo hakuujua. Ukimwita aje kuangalia pampu yako, alikuambia kinagaubaga kwamba imekufa, hata kama ulikuwa umeinunua juzi tu. Wateja wengine walimchukia kwa hilo, kisha wakamwita tena.

Alitoka Makueni akiwa na miaka ishirini na miwili, akaandikwa kibarua kwenye shamba la maua kule Isinya, na huko ndiko alikojifunzia mabomba. Alianza kwa kumshikia fundi spana, akaishia kuwa yeye ndiye anayeshikiwa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa na mkewe Mwongeli, binti yao Celine aliyekwisha kuolewa, nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, na pikipiki kuukuu yenye sanduku la vifaa nyuma. Watu wa huku huchimba visima sana, maana maji ya mfereji wao huyasikia tu kwenye hotuba za wagombea. Asiye na kisima hununua kwa mtungi kutoka kwa mwenye punda, au kwa tangi kutoka kwa lori. Kwa hiyo kazi ya Munguti haikukauka hata mwaka mmoja.

Katika kazi hiyo hakumwamini mtu. Mwenye kisima akimwambia maji yako mita mia moja, aliitikia kwa adabu, kisha akatoa mfukoni uzi wake wa nailoni wenye nati nzito mwishoni, akauteremsha mwenyewe taratibu mpaka nati iguse. Hata tangi la nyumbani kwake, Mwongeli akisema limejaa, yeye alipanda ngazi akachungulia. Mwongeli alikwisha kuacha kukasirika kwa jambo hilo miaka mingi iliyopita.

Na mtu huyohuyo, kila Jumatano jioni, ndiye aliyefundisha imani.

Usicheke, alifundisha vizuri. Alisimama mbele ya watu thelathini hivi, mikono nyuma, akawaambia kwamba Mungu akiahidi, mtu hapaswi kudai kuona kwanza. "Ukishaiona, hiyo si imani tena," alipenda kusema, "hiyo ni macho." Watu waliandika maneno hayo kwenye madaftari. Evalyne, mshonaji wa sare za shule, aliyaandika kwa kalamu nyekundu. Munguti mwenyewe akiyasema alihisi joto fulani likimpanda kifuani, naye alidhani joto hilo ndilo imani yenyewe.

Mtu aliyekaa mbele kabisa kila Jumatano alikuwa Resian, mjane wa Kimaasai aliyekaribia miaka sabini. Resian hakuwa na daftari kwa sababu hakujua kuandika. Aliketi mikono imelala mapajani, macho hayatoki kwa mwalimu. Ploti ambapo kanisa lilijengwa ilikuwa yake. Aliimega kutoka kwenye ardhi aliyoachiwa na mumewe, asitake chochote ila neno moja: siku kanisa litakapopata kisima, ng'ombe wake watakunywa hapo. Wakakubaliana hivyo mbele ya washirika wote.

Ndipo ikaja miaka ile ambayo mvua ilikataa msimu baada ya msimu. Mwana wa Resian, Lemein, akaswaga ng'ombe mpaka upande wa pili wa Namanga, ambako kulisemekana bado kuna mabwawa. Ng'ombe walikuwa zaidi ya arobaini. Jambo lililomuuma Resian ni kwamba nyasi alikuwa nazo. Alikuwa amezungushia waya ekari kadhaa, nyasi kavu imesimama humo mpaka magotini, lakini nyasi bila maji haimsaidii ng'ombe. Na maji ya kununua kwa mtungi hayawezi kunywesha ng'ombe arobaini.

Kanisa likachanga kwa muda mrefu, mashine ya kuchimba ikaletwa. Ilinguruma siku tatu. Ilishuka mita mia mbili na ishirini, ikatoa vumbi la kijivu, kisha jekundu, kisha la kijivu tena, na tone la maji halikuonekana. Mkuu wa wachimbaji alikuwa mtu mpole. Aliwaambia wasikate tamaa, kwamba wakati mwingine maji huingia polepole kwenye shimo, na wakati mwingine hayaingii kabisa. Akalifunika shimo kwa kofia ya chuma, akakaza boliti, wakaondoka na mashine yao.

Jumapili iliyofuata mchungaji, Pasta Leshan, hakuhubiri maneno mengi. Alisema Mungu ameahidi hatawaacha watu wake, ila hakuwaambia siku wala saa, kwa hiyo kanisa litangoja na kuomba. Basi. Kanisa likanyamaza. Nadhani wengi walikuwa wakiomba kimoyomoyo, lakini Munguti, mzee wa kanisa na fundi wa maji, aliusikia ukimya ule kama watu wanaomnong'ona yeye. Alihisi anatakiwa aseme jambo. Akasimama.

"Mimi nawaambia kwa imani," akasema, na sauti yake ikapanda yenyewe, "kutoka leo hesabuni Jumapili tatu. Jumapili ya tatu tutakunywa maji ya kisima hiki!"

Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele, mtu akaanzisha pambio, na Evalyne akaandika tarehe hiyo kwa kalamu yake nyekundu. Munguti akaketi huku akitabasamu kwa raha. Pasta Leshan hakupiga makofi. Baada ya ibada alimvuta kando.

"Mzee, hiyo tarehe umeitoa wapi?"

"Kwa imani, Pasta."

Pasta alikuwa mdogo wake kwa miaka ishirini, na mtu mwenye heshima. Akamtazama kidogo, akasema sawa, wakaachana.

Kuanzia Jumatatu Munguti alikuwa kisimani kila siku. Alifungua kofia ya chuma, akateremsha uzi wake, akausubiri uguse chini, akauvuta tena mita zote mia mbili na ishirini, akaishika nati. Kavu. Wiki ya kwanza ilikuwa kavu, wiki ya pili ilikuwa kavu, na kila alipoivuta aliona haya kidogo, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani. Jumatano mbili zile alifundisha imani kwa nguvu kuliko wakati wowote. Watu walisema mzee ametiwa mafuta upya.

Ijumaa ya wiki ya tatu washirika karibu wote walikwenda Kajiado mazikoni. Munguti alimwambia Mwongeli kwamba mgongo unamuuma, akabaki. Saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali, alimpigia simu Mbugua, mwenye lori la maji la lita elfu kumi.

Tusimwonee. Alikuwa amejishauri tangu Jumatano. Alijiambia kwamba wale wachanga katika imani watarudi nyuma. Alijiambia jina la Mungu litatukanwa mpaka Kiserian. Akajiambia hata kwamba mikono ya Mungu ni mingi, na huenda lori la Mbugua ni mkono mmojawapo. Jambo pekee ambalo hakujiambia ni kwamba aliogopa kusimama Jumapili na kusema, nilisema neno ambalo sikutumwa.

Mbugua alirudisha lori nyuma mpaka kwenye shimo, akashuka, akatazama huku na huku.

"Tangi iko wapi, mzee?"

"Hakuna tangi. Mwaga kwa shimo."

"Kwa shimo?"

"Tunaosha kisima. Ni kipya. Iko na vumbi."

Mbugua alijikuna shingo. "Watu huku wanapigania mtungi mmoja na wewe unaosha shimo. Sawa, maji ni yako." Akaunganisha paipu, akafungulia. Maji yaliingia ardhini kwa mvumo. Mengine yalimwagika pembeni, yakamlowesha viatu. Mwamba wa chini ulikuwa mgumu, na shimo likashika maji vizuri tu, jinsi alivyojua kwamba litashika. Jumamosi yeye na wanaume wanne wa kanisa waliteremsha pampu aliyoiazima kwa mteja mmoja, wakiimba. Wao walikuwa wakiimba kwa imani. Yeye alikuwa akiimba ili asifikiri.

Jumapili ikafika. Jenereta likawashwa, paipu ikakohoa, ikatema hewa, na maji yakaruka.

Kama hukuwako huwezi kuelewa. Watu waliokuwa wakiwaogesha watoto kwa bakuli moja la maji waliingia chini ya paipu na nguo zao za Jumapili. Wazee walicheza. Pasta Leshan alipiga magoti palepale kwenye tope, akafunika uso. Wanaume wanne wale wakamwinua Munguti mabegani, wakamzungusha kanisa zima, naye akalia machozi ya kweli, na watu wakasema tazameni furaha ya mtu wa Mungu. Mwongeli alisimama kando na mtungi wake. Hakucheza. Alimtazama mumewe akipita juu juu, na Munguti akageuza macho.

Resian alikuja mwisho. Alikinga kiganja, akanywa. Akakinga tena, akanywa, akajipangusa uso kwa maji yaliyobaki. "Enkai," akasema kwa sauti ya chini, akimwita Mungu kwa Kimaa. Kisha akatoa simu yake kwenye shuka, akampa Evalyne amtafutie namba ya Lemein.

"Lemein, rudi na ng'ombe," akasema. "Ndiyo, zote. Maji imetoka. Nimekunywa kwa mkono yangu mwenyewe."

Munguti alikuwa bado mabegani mwa watu aliposikia neno zote. Furaha yake yote ya kujidanganya ilimtoka hapohapo. Kutoka Namanga mpaka Kitengela ni mwendo wa siku nne au tano kwa ng'ombe dhaifu, na njiani maji ni ya bahati. Wangefika wamechoka, kwenye kisima kisicho na kitu, na nguvu za kurudi wasingekuwa nazo. Wangekufa wote, ndani ya ile nyasi waliyotunziwa.

Jumatatu asubuhi alipanda pikipiki akaenda kwa Resian.

"Takwenya, yeyo," akamsalimu kwa Kimaa, yaani hujambo, mama.

"Iko," Resian akaitikia. "Karibu, Baba Celine."

Akakaribishwa kwenye kigoda, akapewa chai. Ilikuwa chai ya maziwa ya pakiti, na Resian akaomba radhi kwa hilo, maana katika nyumba ya Kimaasai hilo ni jambo la kuombea radhi. "Wiki ijayo utakunywa chai ya kweli," akasema akicheka.

Munguti akazungukazunguka. Akasema alikuwa anafikiria. Akasema maji ya kisima kipya ni vizuri yapelekwe maabara kwanza, pengine yana madini mabaya. "Mwambie Lemein angoje huko wiki mbili hivi."

Resian aliweka kikombe chini. "Munguti, si wewe ndiyo ulitufundisha tusingoje kuona? Mimi niliamini wakati hiyo shimo ilikuwa vumbi. Sasa nimeona, ndiyo unaniambia ningoje?"

"Ni kwa usalama tu, yeyo."

"Nilikunywa jana. Si niko hapa?" Akacheka tena. "Tena visima zote za huku ziko na chumvi. Hii haina hata kidogo. Hiyo ni Mungu alifanya."

Munguti akaimaliza chai yake. Hapo ndipo ungetarajia aseme. Hakusema. Aliondoka pale akiwa na uongo uleule, na sasa mama wa watu alikuwa ameupamba kwa ushuhuda.

Jioni yake, nyuma ya nyumba, alimpigia Mbugua. Alimuuliza kama anaweza kuleta maji tena.

"Hiyo shimo bado ni chafu?" Mbugua alishangaa. "Mzee, hiyo umeiosha kushinda gari ya arusi."

"Unaweza kuja kila siku?"

"Naweza. Mpaka lini?"

Munguti akafungua mdomo. Mpaka lini? Mpaka mvua inyeshe? Mpaka Resian afe? Alikata simu bila kujibu, na alipogeuka, Mwongeli alikuwa amesimama mlangoni na karai la mboga.

Hakupaza sauti. Mwongeli hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Ijumaa ulisema mgongo unauma," akasema. "Nikarudi kutoka mazikoni nikakuta viatu vyako viko na matope. Matope, Baba Celine. Na huku mvua tumeisahau."

Munguti akatazama chini, kwenye viatu vyake.

"Sikukuuliza kwa sababu niliogopa utanijibu." Akaliweka karai chini. "Jana nilichota maji hiyo na watu wengine. Niliipeleka nyumbani. Nimeshindwa kuipikia. Iko hapo tu."

"Nilitaka kusaidia watu," Munguti akasema.

"Ng'ombe ya Resian iko njiani," Mwongeli akamjibu, akaingia ndani.

Usingizi haukuja, lakini tuyaache hayo. Jumanne asubuhi aliteremsha uzi kisimani mara nyingine, kwa mazoea tu, na nati ikarudi na tope kidogo la mwisho; jenereta halikuwa limewashwa tena tangu Jumapili, na hakuna mwingine aliyejua kwamba maji ya lori yamekwisha. Akaelekea kwa Resian. Njia nzima alitunga namna ya kusema, akitafuta maneno ambayo yangemwacha na heshima kidogo. Alimkuta mama huyo akikokota matawi ya miiba, akiziba mapengo ya boma la ng'ombe lililokuwa limekaa tupu miezi minane. Alikuwa amefunga shuka kiunoni, jasho linamtoka, na alikuwa akiimba. Maneno yote aliyotunga yakamtoroka.

"Yeyo, hakuna maji," akasema. "Ile ya Jumapili niliileta kwa lori. Nikaimwaga kwa shimo, nyinyi mkiwa mazikoni."

Resian alibaki ameshika tawi. "Yote?"

"Yote. Kisima ni kavu. Ilikuwa kavu siku zote."

Akaliweka tawi chini polepole, kama kitu cha kuvunjika. Hakumtukana. Alichukua simu, akamnyooshea Munguti amtafutie namba ya Lemein, na vidole vya Munguti vikakosea mara mbili kabla ya kuipata. Lemein alikuwa amekaribia Bissil, karibu nusu ya njia. Alikuwa amewakimbiza ng'ombe kwa furaha.

"Geuka," Resian alimwambia. Sauti ya Lemein ikasikika mpaka nje, kali, akiuliza kwa nini, nani amesema, ng'ombe wamechoka. Resian akangoja amalize. "Hakuna maji. Ni mimi nilikosea. Geuka, mwanangu."

Ni mimi nilikosea. Munguti alitamani ardhi impasukie. Angalitukanwa, angalipigwa na ile fimbo iliyoegemezwa mlangoni, angalijua la kufanya na mwili wake. Lakini mama huyo mzee alimfunika mbele ya mwanawe bila kuombwa, naye akabaki amesimama na kofia mkononi, mtu mzima wa miaka hamsini na minane.

Resian aliketi juu ya jiwe. Akauliza, "Kwa hivyo Mungu hajatupatia maji."

"Bado," Munguti akasema.

"Hiyo 'bado' ndiyo ungetuambia." Alimtazama usoni. "Sisi 'bado' tunaijua, Munguti. Mimi nimekaa nayo tangu mzee wangu akufe. Ulifikiri ni nani hawezi kungoja?"

Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa moja tu, na halikumpendeza.

"Enda uambie kanisa," Resian akasema. "Mimi sitakusemea."

Alhamisi habari zikafika. Ng'ombe wengi walikuwa wamerudi salama kwenye mabwawa, lakini mmoja, jike jeusi lenye doa jeupe kifuani, alilala chini nje ya Bissil na hakuinuka. Alikuwa wa uzao wa ng'ombe ambaye Resian alipewa na mumewe siku ya arusi yao. Munguti alienda na Mwongeli. Alisema atamlipa ng'ombe mwingine, hata kama ni kwa kuuza pikipiki.

Resian alikataa. "Ukinilipa, deni itaisha," akasema. "Wacha ikae." Hakulisema kwa chuki. Aliwapa chai.

Jumapili alisimama mbele. Hakupanda kwenye mimbari. Alisimama chini, karibu na benchi la kwanza, mahali ambapo watu husimama wanapoombewa. Alisema yote. Alitaja Ijumaa, lori, mgongo usiouma, uongo wa kuosha kisima, uongo wa maabara, ng'ombe aliyekufa. Alisema tarehe aliyowapa hakupewa na mtu, wala na Mungu, aliitoa kichwani kwa sababu kimya chao kilimtisha. Alipomaliza, kulikuwa na kimya kingine. Mmoja wa wanaume waliombeba mabegani alichukua kofia yake akatoka nje. Evalyne alilifunga daftari lake, akaliweka kwenye mkoba, akavuta zipu mpaka mwisho. Mtoto mmoja akamuuliza mamaye kwa sauti kama maji yale yalikuwa mabaya, na mamaye akamnyamazisha.

Pasta Leshan alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Munguti alikumbuka alivyopiga magoti kwenye lile tope, tope alilolileta Mbugua, na hapo ndipo aibu ilipomfika mfupani.

"Jumatano utakuja, mzee," Pasta akasema. "Lakini utakaa chini na wengine."

"Ndiyo, Pasta."

"Sasa twende nje tukaombe. Kisima kiko palepale."

Munguti alidhani watu watakataa. Alidhani wataondoka mmoja mmoja, na kwamba hata hilo litakuwa juu yake. Kweli, wachache waliondoka. Waliobaki walitoka nje kwenye jua, wakalizunguka shimo lililofunikwa kofia ya chuma, na Pasta akamwomba Resian aombe. Resian akasogea mbele, akaweka mkono juu ya chuma kile cha moto, akauacha hapo.

"Enkai," akasema, "hatuna maji. Ng'ombe ziko mbali, na moja imekufa, unaijua. Wewe ulisema hutatuacha. Hatujaona kitu. Asante kwa sababu hutatuacha."

"Amina," wakasema.

Hawakupiga kelele. Walisema kama watu wanaoitikia salamu ya mtu wanayemjua. Munguti akainua macho akawatazama: Evalyne na mkoba wake, wale wanaume watatu waliobaki kati ya waliomwinua, Mwongeli aliyefumba macho karibu naye. Miaka tisa alikuwa amewafundisha maneno yale ya Jumatano, na miaka yote tisa alidhani ni maneno mazuri ya kusemwa kanisani. Wao walikuwa wameyabeba wakaenda nayo nyumbani kwenye mitungi mitupu, wakayategemea. Walikuwa wanaamini kweli. Wangeamini Jumapili ile ya tatu hata kisima kingekuwa kikavu, na mtu pekee aliyehitaji lori alikuwa mwalimu wao.

Alijaribu kusema amina pamoja nao. Midomo ikafunguka, lakini sauti haikutoka. Mwongeli akafumbua macho, akasogea, akamshika mkono, na wakasimama hivyo mpaka watu wote walipoondoka.